Je, wajua kwa nini mpango wa kuokoa mateka huvunjika mara nyingi kwenye Dungeons & Dragons?

Jibu fupi: wachezaji huhesabu kuingia kana kwamba ni jambo moja, na kutoka hawakuhesabu kabisa. Jibu refu limo kwenye dadu, kwenye uzito wa mizigo na kwenye tumbo la mateka mwenyewe.

Kwa asiyeujua mchezo: Dungeons & Dragons ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukaanza kuuzwa Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji anaigiza mhusika mmoja. Mwendesha mchezo anasimulia ulimwengu na kuwaigiza wengine wote: walinzi, mbwa, mfungwa. Jambo lenye shaka huamuliwa kwa kurusha dadu ya pande 20, ukajumlisha uwezo wa mhusika. Hesabu zote hapa ni za kanuni za mwaka 2014, ambazo kiini chake kilitolewa bure chini ya leseni ya Creative Commons mwezi Januari 2023. Toleo la 2024 limebadilisha namna ya kujificha na namna uchovu unavyohesabiwa, kwa hiyo mkicheza hilo msinakili namba hizi.

Chukua kundi la watu wanne wa kiwango cha 5. Mwizi ana +7 ya kunyata, druidi (mganga wa porini mwenye uchawi wa maumbile) ana +5, mchawi ana +2. Wa nne ni paladini, yaani askari wa kiapo kitakatifu, mwenye +0, naye amevaa deraya ya minyororo, inayomlazimu kurusha dadu mara mbili na kuchukua namba ndogo. Langoni kuna mlinzi wa kawaida, ambaye uangalifu wake ni 12 hata asiporusha chochote. Kila anayetaka kumpita lazima afikishe 12.

Mwizi atafaulu mara 80 katika 100, druidi mara 70, mchawi mara 55, paladini mara 20 tu. Ukisema "tunanyata wote, na akionekana mmoja tumeonekana sote", unazidisha namba hizo zote nne, unapata kama 6 katika 100. Hapo ndipo mipango mingi inapofia. Mezani watu humtazama mwizi na +7 yake, wakasema njia ni nyeupe, kumbe anayeamua ni paladini.

Kanuni zenyewe zina dawa, nayo ni kurusha kwa kundi: wote wanarusha, na nusu yao wakifaulu, kundi zima limefaulu. Kwa watu wetu hao hao, nafasi inapanda kutoka 6 hadi 81 katika 100. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ya silaha yoyote mtakayonunua. Lakini uamuzi wa kutumia kanuni hiyo ni wa mwendesha mchezo, kwa hiyo muulizeni kabla dadu haijaguswa. Muulizeni pia mtarusha mara ngapi. Mkirusha langoni, uani na kwenye ngazi, 81 inajizidisha mara tatu na kuwa 53.

Paladini avue deraya? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndivyo watu husema. Kuivua kunachukua dakika 5 na kuivaa tena dakika 10, na bila deraya kinga yake inashuka kutoka 16 hadi 10, ngao isipohesabiwa. Faida yake ni ndogo: ile 6 inakuwa 14. Mimi nisingemvua. Njia iliyo bora ni uchawi wa druidi uitwao Pass without Trace, ambao ni wa daraja la 2. Unampa kila mwenzake +10 ya kunyata kwa muda wa hadi saa moja. Kwa +10 hiyo, watatu wa kwanza hawawezi kushindwa mbele ya mlinzi wa 12, na paladini na deraya yake anafaulu mara 90 katika 100, hata kama kanuni ni ile kali ya kila mtu kwa nafsi yake.

Uchawi huo una masharti, na ndiyo yanayosahaulika. Unafanya kazi ndani ya futi 30 kutoka alipo druidi, kwa hiyo mwizi akitangulia chumba cha mbele peke yake, amebaki na +7 yake tu. Unahitaji umakinifu: druidi akijeruhiwa lazima arushe dadu ya siha na kufikisha 10, au nusu ya jeraha ikiwa ni kubwa zaidi, la sivyo uchawi unakatika. Akianzisha uchawi mwingine wa umakinifu, huu wa kwanza unazimika saa hiyo hiyo. Druidi wa namna hii asipewe kazi nyingine ndani ya ngome.

Mbwa ni habari nyingine. Mbwa mkubwa wa ulinzi ana uangalifu wa 13, lakini kwa kusikia na kunusa anaongezewa 5, anafika 18. Mbele yake, hata mkiwa na +10, wote wanne mnapita mara 29 tu katika 100 kama kila mtu anajibebea mwenyewe. Druidi ana Animal Friendship ya daraja la 1, uchawi wa kumfanya mnyama rafiki, na mbwa ana akili 3, chini kidogo ya kikomo cha uchawi huo. Lazima mbwa amwone na kumsikia druidi, ndani ya futi 30, na bado ana haki ya kurusha dadu kuukwepa. Uliza habari za mbwa mapema.

Sasa mlango wa seli. Mchawi anapenda kuufungua kwa Knock, na Knock inafungua kweli, ila inatoa mlio mkubwa wa kugonga unaosikika hadi futi 300, karibu mita 90. Ngome nzima imeamka. Mwache mwizi na vifaa vyake. Kundi lenye kasisi linaweza kuziba sauti hiyo kwa Silence, duara la futi 20 lisilotoka sauti. Mchawi asimame nje ya duara, maana Knock inahitaji kutamkwa, na ndani ya duara hakuna linalotamkika.

Hadi hapa tumezungumzia kuingia, jambo ambalo kila mtu hulipenda. Shida kubwa imekaa ndani ya seli.

Tuseme mateka ni raia wa kawaida: uhai wake ni 4, siha yake ni 10, na ana siku 5 bila chakula. Kanuni zinampa mtu siku 3 za kuvumilia njaa, akiongezewa au kupunguziwa kwa siha yake. Kwa siha ya 10 hakuna nyongeza. Mwisho wa kila siku baada ya hapo anapata daraja moja la uchovu. Siku ya 5 ana madaraja mawili, na daraja la pili linakata mwendo kwa nusu. Badala ya futi 30 kwa raundi, anatembea 15. Raundi ni sekunde 6.

Mlinzi anayekimbia anakwenda futi 60 kwa raundi, mateka huyu akikimbia ni 30. Mkiwa mmetangulia futi 300, pengo hilo linaliwa kwa raundi 10. Dakika moja! Mipango mingi inaandika "kisha tunakimbia msituni" na kuishia hapo.

Hali inazidi kuharibika mkichelewa. Siku ya 8 ni daraja la 5, na mwendo wake ni sifuri. Siku ya 9 ni daraja la 6, nalo ni kifo. Kwa hiyo "tulale kwanza usiku mmoja turudishe uchawi wetu" ina bei, na bei hiyo inalipwa na mateka. Matunda ya Goodberry ya druidi yatamshibisha siku nzima, ila hayafuti uchovu uliokwisha kuingia. Uchovu unapungua daraja moja kwa kila mapumziko marefu, tena awe amekula na kunywa.

Ndiyo maana mpango wa uokoaji uanzie kwa mateka, urudi nyuma hadi mlangoni. Swali la kwanza liwe: anaweza kutembea? Mchawi wa kiwango cha 5 anaweza kumuuliza mwenyewe kwa Sending, ujumbe wa maneno 25 unaofika mbali na kujibiwa papo hapo, mradi mchawi anamfahamu mtu huyo. Kuelezwa habari zake na ndugu zake hakutoshi. Hapa wanaocheza kwa Kiswahili wamebahatika, maana "hawajanilisha" ni neno moja, ilhali Kiingereza kinahitaji matano. Uliza njaa, pingu, idadi ya walinzi anaowasikia na saa wanapobadilishana zamu. Kama mchawi hamfahamu, atume kiumbe wake wa kichawi, panya kwa mfano, aone kwa macho ya kiumbe huyo. Mwisho wa umbali kati yao ni futi 100, na wakati huo mchawi mwenyewe ni kipofu na kiziwi, kwa hiyo mtu amshike mkono. Druidi anaweza kugeuka panya yeye mwenyewe kwa saa 2, lakini si ndege: kuruka kunaruhusiwa kuanzia kiwango cha 8.

Pingu zina uzito wa ratili 6. Kuchomoka ndani yake au kuzikata kwa nguvu kunahitaji kufikisha 20, kufungua kufuli yake kwa vifaa vya mwizi kunahitaji 15. Mwizi asiyebahatika anaweza kukaa hapo raundi kadhaa. Funguo zipo kwa mtu fulani. Ni nafuu kumwibia kuliko kubishana na kufuli.

Kama hawezi kutembea, atabebwa. Paladini mwenye nguvu 16 anabeba ratili 240. Deraya yake ni 55, ngao 6, upanga 3, na mkoba wa msafiri wenye kamba, mienge na chakula cha siku 10 ni 59. Jumla 123. Mateka wa ratili 160 akipanda mgongoni inakuwa 283, na hapo paladini hawezi. Mkoba ukiachwa nje anabaki na 224, na hata pingu zikiongezwa ni 230, bado anaweza. Jambo dogo la mkoba limeangusha mipango mizuri sana.

Wengine humtegemea mchawi. Misty Step inamhamisha yeye peke yake. Dimension Door inabeba mtu mmoja wa ziada, ila inapatikana kiwango cha 7. Gaseous Form inamgeuza mateka kuwa moshi upitao kwenye nondo za dirisha, njia nzuri kweli, lakini moshi huo unakwenda futi 10 kwa raundi, na uchovu wa daraja la pili unaukata hadi 5.

Mapigano yakizuka kando ya seli, kuna makosa mawili yanayomuua au kumlaza mtu mliyemfuata. Sleep inaanza na mwenye uhai mdogo kuliko wote. Walinzi wana uhai 11 kila mmoja, mateka ana 4, kwa hiyo anayelala kwanza ni yeye. Fireball, mlipuko wa moto, ndiyo mbaya zaidi. Wastani wake ni jeraha la 28, na hata akifaulu kuukwepa kwa nusu ni 14. Mtu wa uhai 4 akipigwa 14, zinabaki 10 za ziada, na kanuni inasema ziada ikifikia uhai wako wote umekufa palepale. Hakuna nafasi ya kumtibu. Mchawi aandike kwenye karatasi yake duara la futi 20 ambalo hatalitupia moto.

Kwa safari ya kurudi, farasi wa kupanda anauzwa dhahabu 75 na mwendo wake ni futi 60. Mchawi ana bora zaidi, Phantom Steed, farasi wa uchawi mwenye mwendo wa futi 100. Uchawi huu unafanywa kama ibada kwa dakika 11 bila kugharimu umakinifu wala nafasi ya uchawi (akiba ya uchawi ya mchawi, ambayo hupungua kila anapoutumia), na unadumu saa moja. Mfanyeni nje kwanza, ndipo druidi aanze Pass without Trace, na mgawe saa hiyo: kuingia, pingu, kutoka, na robo saa ya mwisho ya kupanda, ambayo inamfikisha mateka maili mbili na nusu. Farasi huyo anaanza kufifia akipata jeraha lolote, hata la mshale mmoja, na mpandaji anabakiwa na dakika moja ya kushuka. Kwa hiyo asisubiri langoni. Asimame nyuma ya ukuta au kilima, mahali ambapo mpiga mishale aliye juu ya ngome hamwoni.