Maandishi meusi kwenye gome: wanayosema watu kuhusu Graphis, na ukweli wake

Kwenye kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga) cha Machame au Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, tazama shina laini la mruka au mparachichi. Utaona doa jeupe la kijivujivu limeganda kama ukoko kwenye sufuria, na juu yake vistari vyeusi kana kwamba mtoto alikuwa akijaribu kalamu. Hiyo ni Graphis, jenasi ya kuvumwani yenye spishi zaidi ya 300, nyingi za nchi za joto. Jina limetokana na neno la Kigiriki la kuandika.

"Ni ugonjwa, unanyonya mti." Hapana. Kuvumwani ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja: mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kuvu humpa makazi. Haina mizizi, na nyuzi zake huishia kwenye gome la nje lililokufa. Ukitaka uhakika, kwangua kidogo kwa ukucha. Mara nyingi utaona rangi ya njano au chungwa, ambayo ni ya mwani wake. Kisha chuna kwa kisu kipande chembamba cha gome, kidogo kuliko ukucha. Chini yake pakiwa kijani na unyevu, mti ni mzima. Pakiwa kahawia na pakavu, kuna tatizo jingine.

"Mbona miti inayokauka ndiyo inayojaa?" Hapa watu hugeuza matokeo kuwa sababu. Majani yakipukutika, mwanga hufika kwenye shina na kuvumwani hustawi. Kagua mizizi, maji, mbolea na matundu ya bungua, wadudu wanaotoboa shina.

"Vistari ni njia za wadudu." Tumia lenzi ya kukuza mara 10: vimeinuka, na vingi vina ufa katikati. Ni viungo vya kutolea viiniuzazi.

"Isugue kwa brashi ya waya, upulizie kopa." Kopa, dawa ya kuvu yenye shaba, ni ya chulebuni na kutu ya majani, magonjwa ya kahawa; hapa ni hasara tupu. Brashi nayo huchubua gome, na kidonda ndicho mlango wa magonjwa.

"Humea upande wa kaskazini tu." Huo ni usemi wa Ulaya. Moshi iko nyuzi 3 kusini mwa ikweta: jua la mchana Juni liko kaskazini, Desemba kusini. Fuata unyevu, si dira.

"Ndiyo ile ya mawe ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro." Hapana, Graphis hupenda magome. Ukoko wa kijani-njano wenye mistari myeusi kama ramani, juu ya mawe ya volkano, ni Rhizocarpon, jenasi nyingine ya kuvumwani.