Dawa za pumu kwa mtoto asiye na pumu

Mtoto wa miaka saba anayekunywa dawa kila siku ipo siku atauliza: "Mama, mbona Baraka yeye hanywi?" Jibu linatakiwa papo hapo, na linalotoka mara nyingi ni kwamba dawa ni za pumu. Au za malaria, au vitamini, au za kifua. Sisi tunaoshauri kwa Kiswahili familia za watoto wenye VVU hapa Uganda, ziwe za Wakongo wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyaka II, za Wanubi wa Bombo na Arua, au za askari kambini, majibu haya tumeyazoea kuliko majina ya dawa zenyewe.

Anayejibu hivyo si mtu mbaya. Anamhurumia mtoto, na pengine anajihurumia mwenyewe kidogo. Simuulizi habari za dhambi. Namuuliza uongo huo utadumu muda gani, na mtoto ataufanyia nini wewe ukiwa haupo.

Maana mtoto huchukua alichoambiwa akakifuata. Malaria anaijua vizuri. Ameshakunywa dawa ya mseto: mara mbili kwa siku, siku tatu, basi. Ukimwambia na hivi ni vidonge vya malaria, siku ya nne anakushangaa, mwezi wa nne hakuamini tena. Pumu nayo ina taratibu zake: dawa hutafutwa kifua kikibana, na mtoto asiyebanwa haoni kwa nini aamshwe kwa ajili ya kikombe cha dawa. Ukisema kifua kikuu, atakumbuka jirani aliyemaliza dozi ya miezi sita akapumzika. Vitamini ndizo hatari zaidi, kwa sababu zinasikika vizuri. Mtoto anamgawia rafiki bwenini, na metroni haoni neno zikikosekana wiki nzima. Wapo wanaosema seli mundu, kwa kuwa ugonjwa huo unajulikana sana hapa nchini. Siku mtoto akipata homa na maumivu shuleni, nesi anaandika seli mundu kwenye faili, na hospitali inaanza kutafuta kitu ambacho hakipo huku kilichopo hakijatajwa.

Dawa za VVU zinadai jambo ambalo hakuna hata uongo mmoja kati ya hizo unaoweza kulieleza: umeze kila siku, saa ileile, hata ukiwa mzima kabisa, na usiache.

Halafu uongo una vifaa vyake. Lebo inabanduliwa. Vidonge vinahamishiwa kwenye bahasha au mfuko wa plastiki, ambako unyevu unaviharibu. Au vinaachwa kwenye kopo lakini linashindiliwa pamba ili lisilie mtoto akilibeba. Hapo ndipo makosa ya kipimo yanapoingia. Dolutegravir ya watoto, kile kidonge cha miligramu 10 kinachoyeyushwa majini, hupimwa kwa uzito: kilo 10 hadi 13.9 ni vidonge 2, kilo 14 hadi 19.9 ni vidonge 2 na nusu, na akifika kilo 20 anaweza kuhamia kidonge kimoja cha miligramu 50. Mtoto ananenepa, kipimo kinabadilika, kopo halina maandishi, na shangazi aliyeachiwa mtoto anaendelea na hesabu ya mwaka jana. Watoto wakiwa wawili ndani ya nyumba, makopo mawili yasiyo na lebo yanafanana kama mapacha.

Mara nyingi maabara ndiyo inayoufichua uongo kabla ya nyumba. Watoto hupimwa wingi wa virusi kila miezi 6. Majibu yakirudi na nakala 1,000 au zaidi za virusi kwa mililita ya damu, tunaanza vikao vya ushauri wa karibu, kimoja kila mwezi, kisha kipimo kinarudiwa. Swali langu la kwanza katika kikao cha kwanza halihusu saa wala chakula. Nauliza mtoto anajua anameza nini. Kuhesabu vidonge peke yake kusikupe raha: kopo la 30, siku 28 zimepita, vimebaki 2, hesabu imetimia, na virusi bado viko juu. Tazama chini ya godoro, chooni, nyuma ya jiko. Mtoto asiyejua sababu ya dawa hujifunza upesi kuzitupa kwa idadi sahihi.

Ukikaa na mlezi peke yake, utagundua kwamba hofu yenyewe si ile anayoitaja kwanza. Anasema mtoto ataumia. Anachoogopa ni kuulizwa: "Ni wewe uliyenipa?" Nyuma ya hiyo kuna mdomo wa mtoto: atasema kwa majirani, mwenye nyumba atasikia, tutahamishwa. Nyuma ya zote, wakati mwingine, kuna baba ambaye hajaambiwa. Hiyo usiiruke. Mtoto hawezi kupewa siri ambayo mkubwa wa nyumba hana, kisha atarajiwe kuibeba kila siku mbele yake. Mama ashauriwe na asindikizwe kwanza hapo, mtoto atafuata. Nchi hii inasifiwa kwa kusema wazi tangu mwanamuziki Philly Lutaaya alipojitangaza mwaka 1989 kwamba ana VVU, lakini redioni ni rahisi kuliko mezani kwako.

Bibi anayelea yatima mara nyingi ana uongo wa ghorofa mbili: dawa ni za kifua, na mama yako alikufa kwa malaria. Ukivuta wa chini, wa juu unakuja nao. Mimi huwaandaa kwa yote mawili mapema, lakini sipendi yasemwe siku moja. Habari ya mtoto mwenyewe itangulie, ya mama yake isubiri wiki mbili tatu, isipokuwa mtoto aunganishe mwenyewe, na wengi huunganisha.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2011: watoto wa umri wa shule, kuanzia miaka 6 hadi 12, waambiwe hali yao, na walio wadogo zaidi waambiwe kidogo kidogo kadiri wanavyoelewa. Hilo la kidogo kidogo ndilo walezi wengi hawalijui. Wanadhani wana mawili tu, kudanganya au kumwaga yote. Wa miaka mitano mwambie: "Dawa hizi zinakuzuia usiugue." Imetosha. Akifika saba au nane: "Ndani ya damu yako kuna kijidudu. Dawa zinakilaza usingizi. Ukiacha, kinaamka na kupigana na askari wa mwili wako." Jina bado. Akifika tisa au kumi, jina litajwe: VVU.

Wapo wanaosema kuficha jina nako ni kudanganya. Sikubali. Kila sentensi hapo juu mtoto ataisikia tena akiwa na miaka kumi na sita na ataikuta bado ni kweli. Ya pumu itabidi ubomoe kwanza ndipo ujenge.

Siku ya kutaja jina haichaguliwi ovyo. Isiwe wiki ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, isiwe wakati wa msiba, na isiwe kamwe jioni ya kufunga sanduku la bweni. Mwanzo wa likizo ndefu ya Desemba unafaa sana, hasa kwa anayekwenda kuanza sekondari ya bweni, kwa sababu mlezi atakuwa naye wiki kadhaa za maswali. Kabla ya siku hiyo nakaa na mlezi mara mbili au tatu. Nataka kujua nani nyumbani anajua, na mtoto ameambiwa nini hadi leo, neno kwa neno. Atakayesema ni mlezi. Mimi nakaa pembeni. Basi afanye mazoezi kwa sauti, maana wengi hawajawahi kutamka "virusi vya UKIMWI" mbele ya mtu yeyote, na neno likikwama kooni mtoto hushika kule kukwama.

Aanze kwa kuuliza. "Mwanangu, wewe unadhani dawa hizi ni za nini?"

Usishtuke akijibu, "Za UKIMWI." Kuna somo la sayansi shuleni, kuna redio, kuna bango ukutani kliniki, kuna lile jina kwenye lebo ambalo rafiki mwenye simu amelitafuta. Wengine wamejua muda mrefu na wamenyamaza ili mama asilie. Nyumba moja, watu wawili, kila mmoja anamficha mwenzake kwa huruma, na hakuna wa kumuuliza mwenzake lolote.

Akisikia kwa mara ya kwanza, swali linalokuja ni "Nitakufa?" Jibu la "kila mtu atakufa" ni la kukimbia, mtoto hakuuliza habari za kila mtu. Sema: "Watu wanaomeza dawa hizi kila siku wanakua, wanasoma, wanazeeka." Usiongeze kwamba dawa ya kuponya inakuja karibuni, kwa kuwa utakuwa umefungua uongo mpya dakika ileile unayofunga wa zamani. "Nani alinipa?" Jibu: "Mimi, ulipokuwa tumboni au ulipokuwa unanyonya. Sikutaka." Kisha nyamaza. Makosa ya baba yake yasiingizwe hapo. "Mbona Baraka hana?" Kwa sababu mama akikosa dawa kabisa, maambukizi kwa mtoto hutokea kwa watoto 15 hadi 45 kati ya 100, si wote, akitumia dawa, hushuka chini ya 5. Hesabu hiyohiyo inajibu swali la kuzaa, ambalo wasichana wa miaka kumi na miwili huliuliza mapema kuliko unavyotarajia. Kwa kijana mkubwa ongeza kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo haambukizi kwa ngono.

Kulia siku hiyo si tatizo. Yule anayesema "sawa" na kuomba kwenda kucheza ndiye ninayemwita tena baada ya wiki mbili, kisha baada ya mwezi. Tunaangalia kukojoa kitandani, kushuka darasani, kikombe kinachobaki na dawa chini. Kukutanishwa na kijana rika mwenye VVU, mwenye kazi au aliye chuoni, kunafanya zaidi ya hotuba yangu.

Katika familia za wakimbizi kuna ajali moja inayojirudia. Mama anajua Kiswahili tu, nesi anajua Kirunyankole na Kiingereza, na mtoto, ambaye shule imempa lugha zote, anageuzwa mkalimani. Anajikuta anatafsiri ugonjwa wake mwenyewe, sentensi kwa sentensi, kwa mama aliyekuwa ameuficha. Omba mkalimani mtu mzima hata kama foleni ni ndefu, au rudi siku atakapokuwepo.

Baada ya ukweli, walezi wenye macho makali huniuliza jambo la haki: si sasa tunamfundisha mtoto kuficha shuleni? Tunamfundisha kusema, "Ni dawa zangu, niliandikiwa na daktari," na kuishia hapo. Hayo ni kweli. Na kijana bwenini akibanwa akasema ni za vidonda vya tumbo, simkemei. Aliyedanganywa hapo ni wa kitanda cha pili, na maisha ya huyo hayategemei kile kidonge. Ya aliyeambiwa "pumu" yanakitegemea.

Kwa aliyekwisha kusema pumu, njia ya kurudi ipo, ila aipite mwenyewe na asimsukumie daktari. "Nilikuambia ni pumu. Si pumu. Niliogopa, nikakudanganya." Halafu aweke mezani kopo lenye lebo, walisome pamoja, na mtoto ahesabu vidonge kwa mkono wake. Akikasirika, akasirike, dozi ya jioni hiyo inabaki palepale saa mbili. Ndugu na mashangazi walioshiriki waambiwe siku hiyohiyo kwamba pumu imekwisha, la sivyo kuna mmoja atakayekuja Jumapili kumuuliza mtoto mbele ya watu kama kifua kimepoa.