Gia za umeme za baiskeli: zinadumu kiasi gani, na zinasafirishwaje

Gia za umeme ni mfumo wa kubadilisha gia usiotegemea waya wa chuma wa kuvuta. Unabonyeza kitufe kwenye usukani, ishara inapita kwenye waya mwembamba wa umeme au inarushwa hewani kwa redio hadi kwenye kihamisha cheni, yaani ule mkono wenye vigurudumu viwili unaoning'inia pembeni ya tairi la nyuma. Ndani ya mkono huo kuna mota ndogo. Mota inausogeza hadi pale palipopangwa kwa gia uliyoitaka, basi.

Anayeziona kwa mara ya kwanza, labda kwa waendesha baiskeli wa alfajiri kwenye Daraja la Tanzanite au Barabara ya Bagamoyo, huuliza kama kitu cha umeme kitahimili vumbi, masika na chumvi ya Dar es Salaam. Kwa maoni yangu kinahimili, na mara nyingi kuliko gia za waya. Zinakoumia zaidi ni safarini, baiskeli ikiwa imelazwa kwenye buti la basi chini ya mizigo ya watu.

Wazo lenyewe si geni. Kampuni ya Mavic ya Ufaransa ilileta gia za umeme mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini maji yaliusumbua sana mfumo ule na haukuenea. Kampuni ya Shimano ilikuja na gia zake za umeme, Di2, mwaka 2009, Campagnolo wakafuata na EPS mwaka 2011, na SRAM wakatoa eTap, isiyo na waya kabisa, mwaka 2015. Kwa hiyo zinazouzwa leo zimeshapitia miaka mingi ya mvua na matope ya mashindano.

Uimara wake unaeleweka ukitazama gia za waya huharibikaje. Waya hulegea, uchafu na kutu hujaa ndani ya mrija wake, na nyuzi hukatika moja moja pale unapokunjika ndani ya mkono wa breki. Kila hatua ya uchakavu huo inapunguza usahihi, ndiyo maana fundi hurudi kuzikaza mara kwa mara. Kwenye mfumo wa umeme njia hiyo yote haipo. Ukishapangwa vizuri, mota inarudi mahali palepale leo na mwakani. Lakini umeme hauzuii cheni kuchakaa. Cheni, meno ya nyuma na vile vigurudumu viwili vinalika kama kawaida, na kwa mchanga wetu wa pwani vinalika haraka. Mtu akilalamika kwamba gia za umeme zimeanza kuruka, mimi ningepima cheni kwanza kabla ya kuilaumu mota.

Chumvi na maji vinahitaji adabu kidogo. Sehemu hizi zimezibwa vizuri, mvua haizisumbui. Kinachozisumbua ni mashine za presha za wale vijana wanaoosha bodaboda na bajaji. Maji yanayosukumwa kwa nguvu hivyo hupenya mahali ambapo mvua haifiki, na huondoa grisi kwenye beringi. Osha kwa ndoo, sponji na sabuni laini, kisha futa. Ukitoka kuendesha kando ya bahari, pangusa kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi. Kwa SRAM, toa betri na ufute vile vituo vidogo vya chuma inapogusana na kihamisha cheni, maana kutu ikikaa pale utadhani kifaa kizima kimekufa.

Betri yenyewe haina makuu. Betri ya SRAM hukaa kama saa 60 za kuendesha. Taa ikiwa ya kijani bado una saa 15 au zaidi, nyekundu ni kati ya 15 na 5, na nyekundu inayomweka ni chini ya 5. Betri ya kihamisha cheni cha nyuma ikikuishia ukiwa Bunju, chomoa ya kile cha mbele, kilichopo kwenye meno ya pedali, uiweke nyuma, zinafanana. Kwa Di2, chaji ikipungua sana gia ya mbele huacha kufanya kazi kwanza, halafu ya nyuma hukwama ilipo. Ukihisi ya mbele haijibu, geuza urudi nyumbani.

Sasa safari. Kwa kawaida kihamisha cheni cha nyuma hakijafungwa moja kwa moja kwenye fremu. Kimeshikwa na kipande kidogo cha alumini kilichotengenezwa makusudi kiwe laini, kipinde chenyewe ili fremu isivunjike. Huu ni ubunifu mzuri sana, ila una gharama yake: kikipinda hata milimita moja au mbili, mpangilio wote wa gia unapotea, kwa sababu mota inaendelea kwenda pale ilipofundishwa huku meno hayapo tena pale. Na kupinda kwenyewe hakuhitaji ajali. Gunia moja likiegemea upande wa kulia wa baiskeli kutoka Dar hadi Dodoma linatosha.

Kwa hiyo sheria ya kwanza, na ningependa kila utingo wa Stendi ya Magufuli aijue: baiskeli ikilazwa, ubavu wa kulia uwe juu. Simama uone ikipakiwa, usimwachie mtu tiketi na kuondoka. Ikiwezekana iombee nafasi ya mwisho kuingia, isimame wima, imefungwa kamba.

Kwa safari ndefu ni bora kukiondoa kabisa kihamisha cheni. Ni boliti moja tu. Kifunge kwa kitambaa kinene au plastiki ya mapovu, kikiwa bado na cheni yake, ukilaze ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu. Kama hutaki kukifungua, basi angalau, betri ikiwa bado imo, badilisha gia hadi kwenye meno makubwa kabisa ya nyuma ili mkono uingie ndani, mbali na kugongwa. Utaratibu huo una maana, kwa sababu ukishachomoa betri mkono hausogei tena. Na usijaribu kuulazimisha kwa mkono kama ungefanya kwa gia za waya. Pale unapambana na springi, hapa unapambana na meno madogo ya mota.

Baada ya hapo toa betri, kama ni za kutoka. Mifumo isiyo na waya huamka kwa mtikisiko, kwa hiyo baiskeli inayorukaruka kwenye buti kutwa nzima hula chaji bila mtu kuipanda. Kitufe kikibanwa na begi, mota inafanya kazi humo humo gizani. Weka vile vifuniko vya plastiki kwenye nafasi za betri. Kwenye boti ya Zanzibar, ambako hewa ni chumvi tupu, vina faida kubwa. Kwa Di2 ambazo betri yake imo ndani ya bomba la kiti, usivute bomba kwa pupa. Nyuma yake kuna waya, na plagi yake ndogo huchomolewa kwa kifaa chake cha plastiki, haivutwi kwa waya.

Kwa ndege, betri za akiba zinakwenda nawe kwenye begi la mkononi, haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini. Hizi ni ndogo sana ukilinganisha na kikomo cha kawaida cha wati-saa 100 (Wh), hivyo pale Uwanja wa Julius Nyerere ukizitoa na kuzionyesha hazipaswi kuwa tatizo. Funika vituo vyake visigusane na funguo au sarafu.

Watu hununua sanduku la bei mbaya la kubebea baiskeli. Mimi ningeanza na kile kipande cha alumini cha akiba kinachoendana na fremu yako. Kinaingia mfukoni, na ukikivunjia Morogoro au Iringa si rahisi kukipata dukani kwa sababu kila fremu ina cha kwake. Fremu zinazotumia aina ya pamoja ya SRAM, UDH, iliyoanza 2019, zimepunguza shida hiyo.

Ukifika, rudisha betri na upitie gia zote tairi likiwa juu. Di2 yenye waya ikikataa kusogea, huenda imejilinda: ikigongwa sana, mota hujitenga na mkono. Shikilia kitufe cha kurekebishia kwa sekunde 5 au zaidi hadi taa nyekundu iwake, achia, kisha badilisha gia huku unazungusha pedali. AXS, gia mpya zaidi za SRAM zisizo na waya, ina kinga inayofanana na hiyo na hujirudisha yenyewe. Gia zikijibu lakini cheni inakwaruza, usikimbilie programu ya simu. Chuchumaa nyuma ya baiskeli utazame kama vigurudumu viwili vya kihamisha cheni viko kwenye mstari mmoja wima na meno. Vikiwa vimeinama kuelekea ndani, kipande cha alumini kimepinda, na hapo kazi ni ya fundi mwenye kipimo cha kukinyoosha au ya kile cha akiba ulichobeba.