Mgeni wa Mchana na Hesabu ya Magodoro

Kwa miaka mingi nimefanya kazi katika hoteli za visiwa vya Ziwa Viktoria, kwanza nikiwa karani wa mapokezi, kisha meneja, na sasa mshauri mwenye ofisi ndogo hapa Kisumu, Kenya. Swali ninaloletewa na wenye hoteli kuliko jingine lolote linahusu wageni wa mchana, yaani watu wanaokodi boti katika miji ya bara ya Mbita au Homa Bay, wakafika kisiwani bila kuhifadhi nafasi, wakaogelea, wakapiga picha, wakanunua soda mbili tatu, kisha wakaondoka kabla ya jua kutua. Aliyelipia chumba ananung'unika kwamba alifuata utulivu akakuta sherehe. Mwenye hoteli huniuliza awazuieje watu hao, nami humuuliza ana magodoro mangapi ya akiba. Wengi hudhani sijasikia swali.

Jibu hilo nililipata kwa kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nikisimamia hoteli ya vyumba kumi na viwili katika kisiwa ambacho sitakitaja, chenye gati moja la mbao na amri niliyoiandika kwa mkono wangu: asiyehifadhi nafasi asishuke. Alasiri ya Siku ya Madaraka, yapata saa tisa na nusu, ikafika boti ya mbao iliyobeba watu kumi na wanne wa ukoo mmoja, wakiwemo watoto watano na nyanya mmoja aliyepakata sufuria ya wali iliyofungwa kwa leso. Soja wetu, kijana mtiifu, aliwaambia kwa adabu, "Mama, samahani, leo tumejaa." Nahodha, mzee aliyevua ngege na mbuta katika maji yale tangu kabla sijazaliwa, hakubishana naye, aliomba kuonana na mimi. Nilipofika gatini alinyoosha kidole upande wa ziwa kuu, ambako maji yalikuwa yamekwisha kugeuka rangi, akasema, "Mwanangu, kupokea wageni ni kazi yako, nami siingilii. Lakini siwezi kuwarudisha sasa. Tazama maji." Niliyatazama, kisha nikatazama ndani ya boti na kuhesabu jaketi okozi tisa kwa watu kumi na wanne.

Walishuka, na kwa kuwa upepo haukutulia hadi usiku wa manane, walilala. Tuliwatandikia mito ya viti vya bustani katika chumba cha kulia, ndipo nikagundua kwamba hoteli nzima, pamoja na vyombo vyake vyote vya kifahari, ilikuwa na mablanketi manne ya ziada. Yule nyanya aliwagawia wapishi wangu wali wake, na jambo hilo lilinitahayarisha kuliko lawama yoyote ambayo angeweza kunitupia.

Hakuna ajabu katika upepo ule. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa baridi ya ziwani huvuma kuja kujaza nafasi hiyo, ikizidi nguvu kadiri alasiri inavyosonga. Mawimbi ya ziwani ni mafupi na hufuatana kwa karibu, hivyo boti iliyolemewa na abiria hupigwa na la pili kabla haijainuka kutoka kwa la kwanza. Wavuvi hupanga siku yao kwa kuufuata mwendo huo. Sisi wa hoteli tulikuwa tumeipanga yetu kwa kufuata saa ya chakula cha mchana, tukawa tunawaachilia wageni waondoke saa kumi na moja, wakati ambao mvuvi mwenye akili amekwisha kufunga kamba.

Kanuni ninayowapa wateja wangu sasa ni kwamba idadi ya wageni wa mchana isizidi idadi ya watu ambao kisiwa kinaweza kuwalaza chini ya paa, wakiwa wakavu na wameshiba, bila kugusa chumba cha mgeni aliyelipa. Ukumbi unaoenea magodoro ishirini una wageni wa mchana ishirini, hata kama ufuo wake ungebeba mia. Wenye hoteli hulalamika kwamba nawanyima mapato, kwa maana wao wamezoea kuhesabu viti vya ufukweni na sahani. Huwajibu kwamba kiti cha ufukweni hakimfai mtu yeyote saa nane za usiku, mvua ikinyesha. Mgeni wa mchana ni mgeni wa mchana kwa hisani ya ziwa tu; likichafuka, amekuwa mgeni wa usiku asiye na kitanda.

Magodoro yakishahesabiwa, kuna kikomo kingine ambacho mara nyingi huwa cha chini zaidi, nacho ni choo. Tangi la maji taka lililochimbwa kwa ajili ya vyumba kumi na viwili hufanya kazi kwa subira: uchafu mzito hutuama chini, na maji yaliyopungua uchafu hutoka polepole kwenda kwenye shimo la kunyonya. Wageni wa vyumba hutawanya matumizi yao katika saa ishirini na nne. Wageni wa mchana sitini hutumia vyoo karibu wote kati ya saa sita na saa tisa, maji hupita tangini kabla uchafu haujatuama, na kinachofika shimoni ni kile ambacho hakikupaswa kufika huko. Katika kisiwa cha mawe na udongo haba, shimo hilo huwa si mbali na ufuo, na ufuo huo ndiko bomba la kuvutia maji ya kuoga na kupikia linakoanzia. Nimewahi kutembea na mwenye hoteli mmoja kutoka shimo lake hadi kwenye pampu yake, tukihesabu hatua kwa sauti. Tulipofika thelathini na moja alinyamaza. Ufilipino walikifunga kisiwa chao cha utalii cha Boracay kwa miezi sita mwaka 2018 kwa sababu ya maji taka yaliyokuwa yakiingia baharini, na walipokifungua Oktoba mwaka huo waliweka kikomo cha watalii 19,215 kwa wakati mmoja. Kisiwa kile ni kikubwa na si cha mtu binafsi, ila hesabu yake ni ileile ya tangi na muda.

Jambo la pili, ambalo kwangu ni zito sawa na la kwanza, ni mahali pa kumzuilia mgeni. Azuiliwe bara, kabla kamba ya boti haijafunguliwa. Gatini ni kuchelewa, kwa sababu aliyefika gatini amekwisha kulipa nauli, amewaahidi watoto, na huenda hana njia salama ya kurudi. Hoteli iweke karani Mbita au popote boti zake zinapoondokea, mwenye simu na daftari, na ipatane na manahodha kwamba hawampakii mtu wa mchana asiye kwenye orodha ya siku hiyo. Nahodha naye apate kitu katika mapatano hayo, kwa kuwa unamwomba aache abiria. Mimi hupendekeza awe ndiye anayewaleta wale walioandikwa, kwa zamu inayojulikana. Nafasi zilipiwe kwa M-Pesa tangu jana yake. Siku yenyewe ianze saa tatu asubuhi na iishe saa nane mchana, boti ya mwisho ikiwa imeng'oka kabla upepo haujakaza. Niliona mapema kwamba saa hizo pekee hupunguza fujo kuliko kibao chochote cha makatazo, kwani anayetafuta kunywa hadi jioni hujiondoa mwenyewe kwenye orodha.

Kuhusu bei nina ubishi na wenzangu wa kazi hii. Wengi hupandisha kiingilio mpaka watu wapungue, wakaiita njia hiyo ya kistaarabu. Naiona ya kivivu. Kiingilio kikubwa hakihesabu watu, huchagua tu ni nani atakayekuja, na siku ya Pasaka wenye pesa hujaa vilevile na tangi likafurika vilevile. Afadhali kiingilio cha wastani kinachokatwa kwenye bili ya chakula, ili mgeni ale jikoni kwako badala ya kukerwa langoni, na nafasi chache zitengwe kila wiki kwa wakazi wa kisiwa na wa vijiji vya karibu kwa bei yao. Hoteli inayochukiwa na jirani zake haina ulinzi wowote wa kweli usiku.

Kisheria, mwenye kisiwa asijidanganye kwamba amenunua ziwa. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma, na boti iliyotia nanga mbele ya ufuo wako haijaingia kwako. Ardhi yako ina ulinzi wa Sheria ya Uvamizi, Sura ya 294, lakini sheria hiyo yenyewe inamtazama anayeingia bila sababu ya maana, na sidhani kuna hakimu atakayeona dhoruba kuwa si sababu. Mwaka 2020 ziwa lilipofura na kufikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, niliona uzio wa seng'enge wa hoteli moja ukisimama ndani ya maji, omena wakipita katikati ya matundu yake, na soja bado akiulinda.

Wavuvi nawaweka kando kabisa na hesabu hii. Mvuvi anayekimbilia kisiwani kwa sababu ya upepo si mgeni wa mchana. Asiulizwe risiti wala asubirishwe. Huwashauri wateja wangu waketi na viongozi wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo, wa pande hizo, wakubaliane ni sehemu gani ya ufuo itaachwa wazi mchana na usiku, yenye mti wa kufungia kamba, kivuli na maji safi ya kunywa, mbali kidogo na vyumba. Nilipofanya hivyo katika hoteli niliyoisimamia baadaye, ni wavuvi haohao walioanza kutupigia simu asubuhi kutuarifu kwamba ziwa halifai, nasi tukawa tunafunga orodha ya Mbita kabla mtu hajatoka nyumbani.

Sasa nikienda kukagua hoteli, naomba kwanza kufunguliwa stoo. Magodoro ya akiba huhifadhiwa juu ya mbao, yasiguse sakafu, yamefungwa kwa nailoni dhidi ya unyevu, na hutolewa juani kabla ya mvua za masika na tena kabla ya vuli, kwa sababu panya wa visiwani hupenda pamba kuliko samaki. Mara ya mwisho nilihesabu kumi na manane, mawili yakiwa yametafunwa pembeni, na jioni hiyo tukaandika kumi na sita kwenye daftari la karani wa Mbita.