Eti asiyeweza sayansi asome sheria?

Imezoeleka kusema kwamba aliyeshindwa sayansi akimbilie sheria. Si kweli. Shahada ya sheria haidai fizikia, lakini mahakamani sayansi haikwepeki. Chukua DNA (vinasaba): mtaalamu anasema uwezekano wa vinasaba vya mtu asiyehusika kufanana na sampuli ya eneo la uhalifu ni 1 kati ya milioni. Wengi husikia kwamba hatia imethibitika. Kumbe katika jiji la watu milioni 10, takribani 10 wangelingana nayo! Wakili asiyeijua hesabu hiyo (nayo si ngumu) atamhoji mtaalamu nini? Kwenye hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) masharti ni makali zaidi: Marekani, wakili anayeombea wateja hataza za uvumbuzi lazima awe na elimu ya sayansi au uhandisi, hata akiwa bingwa wa sheria.