Swali Linapovuta Jibu: Jaribio la Upendeleo wa Majibu kwa Wanafunzi

Mwaka 1941 mtafiti Donald Rugg alichapisha matokeo ya jaribio la maneno. Baadhi ya Wamarekani waliulizwa kama nchi yao iruhusu hotuba za hadharani za kupinga demokrasia. Asilimia 62 walisema isiruhusu. Wengine waliulizwa kama hotuba hizohizo zipigwe marufuku; waliokubali walikuwa asilimia 46. Kivitendo ni jambo lilelile, ila "marufuku" lina ukali ambao wengi huukwepa. Jibu linapopindishwa na namna ya kuuliza, tunasema kuna upendeleo wa majibu.

Jaribio kama hilo mwanafunzi analimudu kwa karatasi, kalamu na wahojiwa 100. Kinachoharibu kazi nyingi ni kubadili mambo mawili kwa mkupuo. Tuseme toleo A linauliza: "Je, unakubali wanafunzi waje na simu shuleni?" Toleo B litangulize sentensi moja tu, "Simu huwavuruga wanafunzi darasani," kisha swali lilelile, neno kwa neno. Majibu ya kuchagua, mpangilio wake na ukubwa wa maandishi visiguswe. Ukigeuza pia "unakubali" kuwa "unapinga", hutajua tofauti imeletwa na kipi.

Mada nayo iwe ile ambayo watu hawajaishikia msimamo mkali. Aliyekwisha kuamua hayumbishwi na sentensi moja.

Ugawaji wa matoleo ndio unaohitaji uangalifu kuliko yote. Chapa nakala 50 za kila toleo, zikunje zifanane kwa nje, zichanganye vizuri, kisha gawa kutoka juu ya rundo bila kuchagua. Kugawa A, B, A, B kunaonekana ni haki, lakini mgawaji anajua karatasi inayofuata, na bila hata kukusudia anaweza kuipeleka B kwa yule anayeonekana mpole. Kibaya zaidi ni kuwapa A wa darasa moja na B wa darasa jingine: huenda mwalimu wa darasa mojawapo amenyang'anya simu juzi tu. Marafiki nao wasijaze wakiwa wamekaa pamoja. Wakilinganisha karatasi, siri imevuja, na majibu yanayofuata hayafai.

Wanafunzi wengi huchanganya nasibu mbili, yaani njia mbili za kuachia bahati iamue. Kuteua wahojiwa kwa nasibu kunakuwezesha kusema jambo kuhusu shule nzima. Kugawa matoleo kwa nasibu kunakuwezesha kusema kwamba sentensi ile ndiyo iliyoleta tofauti. Ukikosa ya kwanza, jaribio bado lina thamani kwa wale walioshiriki. Ukikosa ya pili, huna jaribio.

Kwa nini 100? Maoni yakigawanyika karibu nusu kwa nusu, makundi ya watu 50 yanaweza kupishana kwa pointi 10 za asilimia au zaidi kwa bahati tu. Tofauti inayoanza kuaminika ni ya pointi 20 hivi. Ukiwa na 25 kila upande, utahitaji pointi 28. Ukiwa na 100 kila upande, 14 zinatosha.

Kupima bahati hakuhitaji kompyuta. Tuseme A imepata "Ndiyo" 36 kati ya 50, na B 24: tofauti ya watu 12, yaani pointi 24. Kata vikaratasi 100, andika "Ndiyo" kwenye 60 na "Hapana" kwenye 40. Vichanganye, vigawe mafungu mawili ya 50, uandike tofauti ya "Ndiyo" kati ya mafungu hayo. Rudia mara 100. Tofauti ya "Ndiyo" 12 au zaidi, upande wowote, itajitokeza mara chache sana, kwa hiyo bahati peke yake ni maelezo dhaifu. Wavivu wa kukata karatasi watumie programu ya lahajedwali.

Kabla ya kuanza, omba ruhusa ya shule, usidai majina, na epuka maswali ya aibu au ya siri za nyumbani. Jaribu karatasi kwa watu watano ambao hawatashiriki, uwaulize wameelewa nini. Wahojiwa waelezwe lengo halisi wote wakishajibu, maana ukiwaambia mapema watajilinda. Anayesoma swali akakataa kujibu ahesabiwe kwa toleo lake: waliokataa wakirundikana upande wa B, asilimia za B zinawahusu waliobaki tu, na makundi yako hayalingani tena.