Hamira haichipui ovyo

Ukiitazama hamira kwa hadubini unaona viduara tu, kila kimoja kikiwa na upana wa kama maikromita 5. Ndiyo maana wengi huamini kuwa seli yake haina mbele wala nyuma, na kwamba chipukizi, yaani seli mtoto, hutokeza popote. Si kweli. Itie rangi inayoshika kaitini, ile dutu ngumu ya ukuta wa seli, kisha uimulike kwa mwanga wa urujuanimno. Kwenye seli kongwe zitang'aa pete ndogondogo. Hayo ni makovu, kila moja limeachwa na mtoto aliyekwisha kujitenga na mama. Seli yenye seti moja ya kromosomu ina makovu yaliyopangana bega kwa bega. Yenye seti mbili, yamejikusanya kwenye ncha zake mbili. Mpangilio huo unatoka kwenye jeni.

Hapo huzuka dhana ninayoiona inapotosha kuliko zote: eti kuna jeni moja ya mwelekeo. Kazi ni mbili. Kuchagua mahali ni kazi moja. Kuweza kuelekea popote pale ni nyingine. Ukiiondoa jeni ya RSR1, hamira huchipua vizuri tu, ila makovu hutapakaa. Jaribu sasa kuilemaza CDC42. Zipo hamira ambazo CDC42 yao hufanya kazi kwenye ubaridi kiasi na kushindwa kwenye nyuzi joto 37. Ukizipasha hazichipui tena. Huvimba pande zote zikawa madude ya duara, na ndani yake kiini kinaendelea kugawanyika. Wapo wanaosema zimeacha kukua. La, zinakua sana, ila hazina pa kuelekeza ukuaji huo.

Katika seli isiyolemazwa, Cdc42, protini inayotengenezwa na jeni ya CDC42, hukusanyika sehemu moja chini ya utando. Nyuzi za aktini, protini inayojipanga kama reli ndani ya seli, huelekezwa huko, na vifuko vilivyobeba vifaa vya ukuta husafirishwa juu yake hadi hapo. Lakini bila RSR1, nani huamua mahali? Cdc42 yenyewe. Iliyokwisha kuwashwa humvuta Bem1, protini nyingine, naye Bem1 ameishika protini ya tatu, Cdc24, ambaye ndiye mwenye kuwasha Cdc42 nyingine. Kikundi cha Cdc42 kilichotangulia kidogo tu huvipokonya vikundi vingine protini hizo, na kwa kawaida seli hutoa chipukizi moja, si matatu. Jambo hili hunistaajabisha kila nikilifikiria.

Wala si hamira zote zinazochipua. Schizosaccharomyces pombe ina umbo la kijiti, hurefuka kwenye ncha na kukatika katikati. Ikikosa jeni ya tea1, hupinda au huota tawi.

Na wanaodhani haya ni mambo ya hamira peke yake? Cdc42 ya hamira ina amino asidi, yaani vipande vinavyounda protini, 191. Ya binadamu ina 191 pia, takribani asilimia 80 zikiwa zilezile, na ukiipandikiza kwenye hamira iliyopoteza yake, hamira huchipua.